Usiandike "Confusion", Andika Aliyechanganya

Nimekasirika, kwa hivyo leo msitarajie maelezo ya kusanidi seva niliyoahidi. Hayo yatangoja. Leo nina ugomvi na neno moja la Kiingereza, na neno lenyewe ni "confusion".

Chanzo ni tiketi. Kwa nyinyi ambao hamfanyi kazi hii yetu: programu ikionyesha kasoro, mtu anaandika tiketi, tiketi inapewa mmoja wetu, anaishughulikia kisha anaifunga. Wakati wa kuifunga anachagua sababu kwenye menyu. Kwetu menyu hiyo ina "imerekebishwa", ina "haijirudii", ina "si kasoro". Halafu lipo chaguo moja ambalo hakuna aliyewahi kujisumbua kulitafsiri, "user confusion". Maana yake mtumiaji alikuwa "confused". Ukilichagua hilo, tiketi inageuka kijani na wewe unaenda kunywa chai. Nimelichagua mara nyingi mno, nakiri.

Tiketi hii ilihusu zahanati moja ya Thika. Jina lake siliweki hapa kwa sababu wao hawana kosa. Tuliwatengenezea mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa siku ya kliniki kwa SMS. Wagonjwa wenyewe wengi ni wa presha na sukari, watu wazima, na ukikosa kliniki unakosa dawa ya mwezi. Ujumbe ulikuwa unatoka hivi: "Kumbuka kliniki yako ni kesho saa 8:00." Daktari anaingia asubuhi, na adhuhuri ikifika amekwisha ondoka. Basi wakaanza kutokea watu mapokezi mchana, wameketi wima na kadi zao mkononi, wanamngoja daktari ambaye ameshaondoka. Mhudumu wa mapokezi akaandika malalamiko mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenzangu kazini akayasoma, akachagua "user confusion", akafunga.

Nikaamua niende nijionee. Mimi nakaa Ruiru, na raha moja ya kukaa Ruiru ukiwa na shughuli Thika ni kwamba asubuhi unakwenda kinyume na watu. Wao wamekwama wakielekea Nairobi, wewe matatu yako inapaa. Nikafika mapema, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Waliofika asubuhi walikuwa wengi, hilo niseme ukweli. Lakini ilipogonga saa nane mchana akaingia shosho mmoja kutoka upande wa Gatuanyaga, kitambaa kichwani, amejipanga vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Akaambiwa daktari ametoka. Hakugomba. Akafungua simu yake, akanipa mimi niliyekuwa karibu: "Mjukuu wangu, hebu nisomee tena hapa. Si waliandika saa nane?"

Nikasoma. Saa 8:00. Wewe nawe soma kwa sauti, kwa Kiswahili. Kuna mtu aliyelelewa na lugha hii atakayeyaona maneno hayo, "saa" halafu "8", aseme saa mbili asubuhi?

Nitaeleza kidogo kwa ajili ya vijana waliozaliwa na simu mkononi. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabiwa kunapokucha. Huku kwetu, digrii moja tu kusini ya ikweta, jua halina maringo: mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro. Kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, saa mbili ni ya pili. Gikuyu inahesabu hivyo hivyo, kwa hiyo mtu wa Thika asiyetumia Kiswahili sana hapati nafuu yoyote. Waethiopia nao wanahesabu hivyo. Uso wa simu unaonyesha 8:00, kinywa kinasema saa mbili, na kila Mkenya anapiga hesabu hiyo ya sita mara ishirini kwa siku bila kujua kama anaipiga. Haina shida kabisa. Shida inaanza mtu anapochukua nusu ya hesabu moja na nusu ya nyingine akazimimina kwenye sentensi moja.

Na mtu huyo ni mimi. Nimeenda nikafungua msimbo, nikaangalia nani aliandika mstari ule, na jina ni langu. Kiolezo cha Kiingereza kilikuwa na neno la "at" na nafasi ya kuweka muda. Nikalitoa neno hilo, nikaweka "saa", nikaiacha nafasi ya muda kama ilivyo, na maktaba ya programu ikaendelea kuijaza kwa saa ya Kizungu. Dakika mbili za kazi. Niliipima kwenye simu yangu, nikaona 8:00, nikajua namaanisha nini, nikaridhika. Nilichokuwa nimeandika ni neno linaloita hesabu ya alfajiri likifuatwa na nambari ya hesabu ya usiku wa manane.

Sasa rudini kwenye tiketi. Imeandikwa kwamba aliyekuwa "confused" ni nani?

Ndiyo maana nikaanza kulichimba neno lenyewe. Linatoka Kilatini, kitenzi "confundere", kumimina pamoja. Picha yake ni ya vimiminika: una mtungi wa divai na mtungi wa maji, unavimimina kwenye chombo kimoja, basi, huwezi tena kusema tone hili ni la nani. Ndugu zake wa tumbo moja katika Kiingereza ni wengi, na mmoja wao anachekesha ukiwa unafanya kazi na mifumo ya malipo: "refund", kumimina nyuma, kurudisha. Neno la kuchanganya pesa na neno la kuzirudisha mama yao ni mmoja.

Kilichonivutia zaidi ni namna neno hilo lilivyoingia Kiingereza. Halikuingia kama tendo la mtu. Hali ndiyo iliyotangulia: "confused" inaonekana mwanzoni mwa karne ya 14, na maana yake wakati huo ilikuwa mtu aliyeshindwa, aliyeharibikiwa. Kitenzi chenyewe, "confuse", cha kumtaja anayefanya, kinakuja baadaye sana, katikati ya karne ya 16, kikiwa na maana ya kuchanganya vitu. Kuitumia kwa maana ya kumvuruga mtu akili haikuzoeleka mpaka baada ya mwaka 1800 hivi. Kwa karne nyingi Waingereza walikuwa na watu waliokuwa "confused" kabla "confuse" haijawa neno la kawaida la kumtaja aliyewachanganya. Sidai kwamba tabia ya meneja wangu inatokana na karne ya 14. Lakini neno limebaki na ulemavu huo: unaweza kulisema siku nzima bila kumtaja mtu. "There was confusion." Wapi? Ya nani? Imeshuka kama ukungu.

Kiswahili kinafanya kazi nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapotaka waunda programu wenzangu wanisikilize, hasa wale wanaosema Kiswahili hakifai kwa mambo ya kiufundi. Chukua "changanya". Hapo yupo mtendaji: mimi nimechanganya saa. Ongeza kiungo, "changanyika": saa zimechanganyika, hali ya vitu vyenyewe. Ongeza tena, "changanyikiwa", na sasa unamzungumzia mtu ambaye vitu vimechanganyika juu yake. Hakuvichanganya yeye. Vimemfikia vikiwa vimeshachanganyika.

Umbo hili mnalijua vizuri. Gari limeharibika, mimi nimeharibikiwa. Kitu kimepotea, mimi nimepotelewa. Mtu amekufa, sisi tumefiwa. Mvua imenyesha, nimenyeshewa. Hata kuchelewa, wazee wa lugha wanasema asili yake ni "kucha": kunakucha wewe bado hujafika. Katika yote hayo mwenye kutajwa ndiye aliyepatwa. Huwezi kumwambia aliyenyeshewa kwamba amesababisha mvua. Na fundi gereji wa Makongeni, hata awe mjeuri kiasi gani, akiletewa gari na mtu aliyeharibikiwa anafungua boneti kwanza. Haandiki kwenye kitabu "dereva ameharibikiwa" akarudi kulala.

Kwa hiyo sentensi "mteja amechanganyikiwa", ukiisikiliza kwa sarufi yake, ni swali. Inakutuma ukatafute kilichochanganyika, na kutoka hapo aliyechanganya. Sentensi "user confusion" inakutuma kunywa chai.

Najua mtakachosema, kwa sababu mwenzangu amekwisha kunisema. Kwamba mitaani "amechanganyikiwa" maana yake ana wazimu, kwa hiyo Kiswahili kinamlaumu mtu kuliko hata Kiingereza. Ni kweli neno limefika huko, na ndiyo maana sitaki kuliona kwenye skrini yoyote inayomsemesha mteja. Usimwandikie mtu "inaonekana umechanganyikiwa". Atakurushia simu, na mimi nitamwokotea jiwe la pili. Lakini hata huko kwenye maana ya wazimu umbo halijabadilika. Watu wanauliza, "kwani imekuwaje, amepatwa na nini?" Wanatafuta kilichompata.

Hoja yake ya pili ilikuwa ya kawaida yetu: watu hawasomi. Unawawekea maelezo, hawasomi, halafu wanapiga simu. Sikatai, wapo. Mimi mwenyewe sijawahi kusoma masharti ya programu yoyote mpaka mwisho, na nimeandika mawili matatu. Ila shosho wa Gatuanyaga alisoma. Alisoma neno kwa neno, akatii, akalipa nauli, akafika kwa wakati, kwa dakika. Waliofaulu kuja asubuhi ndio ambao hawakusoma! Waliangalia nambari tu, au wamezoea kwamba kliniki ni asubuhi, au mjukuu aliwaambia hawa watu wa kompyuta huwa wanamaanisha saa ya simu. Mfumo wangu ulimwadhibu aliyeamini maandishi.

Hapa naomba niwashtaki watu wa habari kidogo, kwa sababu wao nao wana "user confusion" yao. Inaitwa sintofahamu. Kila jioni kwenye taarifa "kulizuka hali ya sintofahamu". Kwenye mkutano kulizuka sintofahamu, kwenye soko kulizuka sintofahamu, hospitalini kulizuka sintofahamu. Neno lenyewe limejengwa kama mtu anayeapa kwamba hatafahamu, na kweli, ukimaliza kusikiliza hujafahamu. Tuna vurugu, tuna fujo, tuna utata, tuna mkanganyiko, tuna taharuki, tuna bumbuwazi. Haya si maneno ya kupokezana ovyo. Utata upo kwenye maandishi, bumbuwazi lipo kwenye uso wa mtu, vurugu ina wenyewe waliovuruga. Mwandishi akilazimika kuchagua moja inabidi kwanza ajue kilichotokea. Sintofahamu, kama "confusion", inamwondolea kazi hiyo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa kompyuta tunajua kulitumia neno hili kwa usahihi mkubwa sana, mradi aliyekosea si mwanadamu.

Angalia. Claude Shannon, katika andiko lake la 1949 kuhusu mifumo ya siri, alilifanya "confusion" kuwa kipimo cha usimbaji mzuri: uhusiano kati ya ufunguo na maandishi yaliyofichwa uvurugwe kwa makusudi, adui asiweze kuufuata. Pale mchanganyaji anajulikana, ni wewe mbunifu, na unasifiwa. Mwaka 1988 Norm Hardy aliandika juu ya programu aliyoiita naibu aliyechanganyikiwa. Ilikuwa kikusanyaji cha msimbo chenye ruhusa ya kuandika kwenye saraka ya mfumo, ili kiweke takwimu zake. Mtumiaji asiye na ruhusa hiyo akakitajia faili la bili kuwa ndipo kiandike matokeo. Kikatii, bili zikafutika. Hardy hakumaliza kwa kusema naibu ni mjinga. Alisema mfumo ulimpa mamlaka mawili kutoka kwa mabwana wawili bila njia ya kujua anatumia la nani, na andiko zima ni la kurekebisha hilo. Mwezi Februari 2021 Alex Birsan akaonyesha jinsi mashine za kampuni kubwa zilivyokuwa zikivuta kifurushi cha mgeni kutoka intaneti kwa sababu tu kina jina sawa na cha ndani. Wakaita nalo "confusion", na hakuna aliyeandika kwamba mashine zingekuwa makini. Walirekebisha usanidi.

Tena kuna lile jedwali la watu wanaofundisha mashine kutambua vitu. Mashine imeona paka ikasema mbwa. Unachora jedwali, mistari ni ukweli, safu ni ilichosema mashine, na kila kosa linahesabiwa kwenye kisanduku chake: paka wangapi waliitwa mbwa, mbwa wangapi waliitwa paka. Jedwali hilo Kiingereza chake kimebeba neno lile lile. Mashine ikichanganya tunaichorea jedwali zima. Shosho akichanganyikiwa tunafunga tiketi.

Hebu fikiria tu kama tungemchorea. Safu mbili, mistari miwili. Aliyeandikiwa asubuhi akaja asubuhi, aliyeandikiwa asubuhi akaja mchana. Aliyeandikiwa mchana, saa "2:00", akaja saa mbili asubuhi akangoja kutwa. Ndiyo, hao nao walikuwepo. Nilikuja kuwagundua baadaye, na mapokezi hawakuwahi kuwalalamikia kwa sababu mtu anayefika mapema hasumbui mtu. Anakaa tu na njaa yake.

Mawakili wametuzidi hapa. Katika sheria ya Kiingereza kuna kitu kinachoitwa "confusion of goods", kuchanganyika kwa mali. Nafaka yako na nafaka yangu zimemiminwa ghala moja, hazitenganishiki. William Blackstone alilieleza katika kitabu cha pili cha maelezo yake ya sheria, kilichotoka 1766: mkichanganya kwa kukubaliana, mnagawana kwa hisa. Lakini mmoja akichanganya kwa makusudi bila idhini ya mwenzake, mali yote inakwenda kwa yule aliyedhulumiwa, na mchanganyaji hana cha kudai. Kali, lakini mnaona inakotazama. Kwanza inauliza nani alimimina. Hata Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, sura ya 506, inakataza kusajili alama inayoelekea kudanganya au kuleta mkanganyiko. Haisemi wanunuzi wafungue macho. Inamzuia mwenye alama. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi bidhaa au huduma kikamilifu. SMS ya kliniki ni habari. Nimeisoma ile yangu nikiwa na kifungu hicho akilini, na sikufurahi.

Lakini hamhitaji Blackstone, mnahitaji kupita tu kwenye kituo cha kupokea maziwa popote Kiambu hii. Maziwa ya kila mkulima yanapimwa kabla hayajamiminwa kwenye debe la pamoja. Karani anaweka kipimo, anaangalia kama kuna maji, anaandika kilo kwenye kitabu, ndipo anamimina. Baada ya hapo hakuna maziwa ya Wanjiku wala ya Kamau, kuna maziwa tu. Karani aliyemimina kabla ya kupima hawezi kusema wakulima walikuwa "confused" kuhusu kilo zao.

Au makanga wa Thika Road. Githurai 44 na Githurai 45 zimepata majina yao kutoka kwa nambari za basi, ziko pande mbili, barabara mbili, na mgeni akisema tu "Githurai" anaweza kujikuta anatembea na mizigo. Makanga anayejua kazi anauliza kabla hujapanda, foti-foo ama foti-faivu. Hajasomea usanifu wa programu. Anajua tu kwamba ukishushwa pabaya kelele zitamrudia yeye.

Na sisemi kuchanganya ni dhambi. Mimi ni mtu wa Ruiru, na jina la mji wangu linajulikana duniani kwa mchanganyiko: kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilicho hapa hapa, inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Ni chotara. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua baada ya ua, na mama na baba wa kila kundi wanajulikana. Huo ndio mchanganyiko ninaoutaka: ukiuliza nani alichanganya nini na nini, kuna daftari.

Tukija kwenye pesa, mambo yanaumiza zaidi ya nauli ya Gatuanyaga. Simama mbele ya duka lolote kati ya hapa na Thika uhesabu nambari zilizobandikwa ukutani. Kuna nambari ya wakala ya kutolea pesa. Kuna ya till ya kununulia. Kuna paybill, nayo inataka nambari ya akaunti juu yake, na chini yake kuna kibandiko cha mwaka juzi ambacho hakikubanduliwa vizuri. Kuna nambari ya simu ya mwenye duka kwa ajili ya pochi. Mteja ana haraka, mtoto analia, anaandika. Pesa zikienda kwingine, neno la kwanza analoambiwa ni "ulichanganya". Lakini nambari nne zenye kazi nne tofauti ukutani pamoja zilibandikwa na nani? Sikatai kwamba kidole ni cha mteja.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa muda mrefu dawa ya kutuma kwa nambari isiyo sahihi ilikuwa kupiga simu na kuomba. Kilichosaidia kweli hakikuwa tangazo la kuwaambia watu wawe makini. Ilikuwa Hakikisha, ile ya kukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Mtu fulani mahali fulani alikaa akaelewa kwamba tarakimu kumi haziwezi kusomeka kama mtu, kwamba mfumo wenyewe ndio uliokuwa ukichanganya Njoroge wa nambari hii na Njoroge wa nambari ile, na kwamba jina lilikuwepo kwenye hifadhidata muda wote, halionyeshwi tu. Jina kwa neno moja la Kiswahili, tena la amri. Ningependa kumpa mkono aliyelichagua.

Mnaona basi ninachotaka si kwamba tutafsiri kila kitu, tubandike Kiswahili juu ya Kiingereza kama nilivyobandika "saa" juu ya "8:00". Hiyo ndiyo iliyonitia aibu. Ninataka tuache neno linaloturuhusu kufunga tiketi bila kujua. Kiswahili kimetupa hata kinyume chake. Kutoka shina lile lile la "changanya" tuna "changanua": kutenganisha vilivyochanganyika, kimoja hapa, kingine pale. Tunalitumia kila siku, uchanganuzi wa data, tunalisema kwa madaha kwenye mikutano. Kila anayejiita mchanganuzi amekubali kwamba kuna mahali pamechanganywa. Kiingereza chao kwa kazi hiyo kimetoka Kigiriki na hakihusiani hata chembe na "confusion". Kwao kuchanganya na kuchanganua ni familia mbili zisizojuana.

Shosho nilimwambia pole, nikamwambia ukweli kwamba kosa ni langu. Aliniangalia kwa muda. Sidhani aliwahi kukutana na mtu wa kompyuta aliyesema hivyo, au labda alikuwa anashangaa kwamba SMS huandikwa na mtu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mteja wala meneja aliyewahi kuniuliza: "Na wale wengine mmewaambia?" Hatukuwa tumewaambia. Mhudumu wa mapokezi alimpigia daktari, dawa zikapatikana siku hiyo hiyo bila kumrudisha nyumbani, na mimi nikarudi Ruiru, safari hii nikiwa ndani ya foleni kama watu wengine, nikiandika marekebisho kwenye simu.

Ujumbe sasa unasema: "Kumbuka kliniki yako ni kesho, saa mbili asubuhi (8:00 AM)." Saa kwa maneno, nambari kwa mtindo wa simu, na neno la asubuhi katikati. Si mzuri wa kusoma, na umezidi herufi chache. Mwenzangu anasema kuandika mara mbili ni kuwa-"confuse" watu. Nimemwambia alete jedwali.

Tiketi nimeifungua upya. Halafu, kwa kuwa bado nina ruhusa ya msimamizi kwenye mfumo wetu wa tiketi na hakuna aliyekumbuka kuniondolea, nimefuta "user confusion" kwenye menyu. Mahali pake nimeweka sehemu mbili za kujazwa, na tiketi haifungiki zikiwa tupu: "Nini kilichanganywa na nini?" na "Nani alichanganya?" Ya shosho nimeijaza jina langu. Mpaka naandika haya, usiku wa Jumatano, kuna tiketi kumi na moja zimekwama kwenye sehemu ya pili, na meneja ameshaniandikia barua pepe akiuliza mbona hazifungiki.